Masega Chini ya Unyamwezi

Wapenzi wenzangu wa lugha, safari hii sikuja na uchambuzi wa vina wala mjadala wa arudhi. Nimekuja na kisa cha jiwe moja dogo, na cha sentensi moja niliyoitamka jikoni kwa dada yangu, mjini Tabora, ambayo naionea haya hadi leo.

Dada yangu anauza asali. Ameiuza kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa asali hiyo amemsomesha binti yake, mpwa wangu, hadi chuo kikuu. Binti alichagua jiolojia, na ndani ya jiolojia akaelekea kwenye tawi liitwalo jiokemia, yaani kemia ya miamba. Siku moja ya likizo dada alinigeukia, mikono yake imelowa asali hadi viwikoni, akaniuliza: "Mdogo wangu, wewe ni mwalimu wa lugha. Huyu mtoto anasoma nini hasa? Kila nikimwuliza ananiambia mawe. Mawe nayajua. Tabora yote ni mawe."

Niliitazama karatasi ya mpwa wangu iliyokuwa mezani, Kiingereza mwanzo hadi mwisho, nikajibu: "Dada, hayo ni mambo ya kitaalamu. Kwa Kiswahili hayaelezeki."

Hakunijibu. Aliendelea kuchuja asali yake.

Mimi niliyesema maneno hayo ndiye yule yule ambaye kwenye makongamano husimama na kudai kwamba Kiswahili ni bahari, na kwamba anayekiona kifupi ni yeye aliye na kamba fupi. Nyumbani kwa dada yangu, mbele ya mtu mmoja tu aliyetaka kujua jambo moja tu, niliitupa hoja yangu yote kwa sababu ilinitaka kazi.

Mwaka uliofuata mpwa wangu alinipigia simu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mama." Alikuwa amepata nafasi ya kuendelea na masomo ng'ambo, gharama zote zimelipiwa, lakini mama yake hajatoa ruhusa. Hakukataa, alisema tu kwamba hawezi kumwachia mwanawe aende mbali kiasi hicho kwa jambo asilolijua. "Nimejaribu kumweleza," binti akasema, "lakini kila nikifika katikati maneno yananiishia, narudi kwenye Kiingereza. Njoo unisaidie, mjomba."

Nikaenda. Nilikuwa na deni.

Jioni ile tulikaa uani watu watatu. Mpwa wangu alitoa jiwe kwenye mfuko wa kitambaa akaliweka kwenye kiganja cha mama yake. Lilikuwa la kijivu, dogo kuliko yai, na ndani yake mlikuwa na punje za mviringo zenye rangi ya kijani iliyofifia, kama maharage yaliyokandwa ndani ya udongo. Alikuwa amelipata vilima vya Igwisi alipokwenda huko kwa masomo.

Igwisi ni vilima vitatu vidogo ndani ya mkoa huu huu wa Tabora, upande wa Urambo na Kaliua. Nchi ile imepitwa na miguu mingi. Njia ya misafara iliyoanza Bagamoyo ilifika Unyanyembe, penye Kazeh na Kwihara, kisha ikaelekea magharibi hadi Ujiji. Burton na Speke walifika Kazeh mwaka 1857. Stanley na Livingstone walikaa Kwihara mwanzoni mwa mwaka 1872. Mtemi Mirambo alitawala kutoka Urambo hadi alipofariki mwaka 1884. Wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba njia hiyo mabegani, pembe za frasila mbili kwa mtu mmoja, yaani kilo zipatazo 32, kirangozi akiwa mbele. Kati ya wote hao waliopita nchi ile, hapakuwa na aliyejua kwamba humo kuna msafara mwingine uliokwisha wasili zamani, uliosafiri kutoka chini kwenda juu.

Kwani Igwisi ni volkano. Na si volkano ya kawaida. Zaha yake ni ya aina iitwayo kimberliti, jina lililotokana na mji wa Kimberley, Afrika Kusini, na ndiyo jamii ya miamba iliyoleta almasi za Mwadui ambazo Williamson alizigundua mwaka 1940. Kimberliti nyingi duniani ni za kale mno, za makumi au mamia ya mamilioni ya miaka. Ya Igwisi ni changa kuliko zote zinazojulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria umri wake kuwa miaka 12,000 hivi, kwa namna ambayo dada yangu aliipenda sana: jiwe linapokaa juu ya ardhi hupigwa na miale itokayo angani, na miale hiyo huzalisha ndani ya punje zake gesi kidogo iitwayo heliamu-3. Ukiipima heliamu hiyo, unajua jiwe limeota jua kwa muda gani. Kipimo kinaweza kupungua au kuzidi kwa miaka elfu kadhaa, lakini hakitoki nje ya zama za binadamu.

"Basi kuna watu waliouona moto wake," dada akasema.

Huenda wapo. Afrika Mashariki ilikuwa na watu zama hizo. Nikawaza kwamba walikuwa na neno la kile walichokiona, na kwamba neno hilo limepotea pamoja na lugha yao.

Hapo ndipo kazi yetu ilipoanza. Mpwa wangu alisema punje zile za kijani ni olivini, na kwamba zimetoka kina cha zaidi ya kilometa 100, chini kabisa ya ganda la dunia, ambalo hapa kwetu lina unene wa kilometa zipatazo 40. Zimetoka kwenye tabaka linaloshuka hadi kilometa 2,900, mpaka kwenye kiini cha chuma. Tabaka hilo tuliite nini? Wapo waandishi wa Kiswahili wanaoliita koti la dunia, wakifuata lugha za Ulaya ambazo nazo ziliazima jina la joho. Nikalitumia neno hilo kwa fahari kidogo.

"Koti huvaliwa nje," dada akasema. "Hili mbona liko chini ya ngozi?"

Nikamweleza kwamba anayevaa ni kiini. Akatikisa kichwa, si kwa kukubali.

Tukaendelea. Punje zile, mpwa wangu akasema, wataalamu huziita kwa jina lililoungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: geni, na jiwe. Nikafurahi, maana Kiswahili kinalichukua jina hilo bila kulikunja: jiwe geni, mawe mageni. Ni mageni kwa sababu hayakuzaliwa na zaha iliyoyabeba. Yalikuwa miamba tayari huko chini, zaha ikayang'oa njiani ikapanda nayo.

"Mgeni kwa nani?" dada akauliza. "Limetoka chini ya miguu yetu. Sisi ndio tulilikuta."

Sikuwa na jibu. Kiswahili chenyewe kilifika Tabora kwa njia ya misafara, pamoja na miembe ambayo hadi leo inaonyesha mahali wafanyabiashara walipokaa. Leo hakuna anayekiita kigeni hapa. Dada yangu ameomba, amegomba, amebembeleza watoto kwa lugha hiyo. Ni jambo jingine niliyemwambia haliwezi kumfaa.

Kisha mpwa wangu aliomba siki. Alilikwaruza jiwe kwa kisu upande mmoja akadondoshea matone. Tukainama watu watatu kichwa kwa kichwa, na taa ya simu ikatuonyesha mapovu madogo yakifura kwenye unga wa kijivu. Mwili wa zaha ya Igwisi, unaozishika zile punje, una kalisaiti nyingi, madini yale yale ya chokaa, na siki huifungua hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Ndiyo siri ya safari yenyewe: magma ya kimberliti hupanda ikiwa imejaa hewa ya ukaa na mvuke wa maji, kama soda iliyotikiswa. Hupanda upesi. Ingepanda polepole, mawe mazito iliyoyabeba yangezama yakarudi yalikotoka. Wataalamu huikadiria safari hiyo kwa saa au siku, si kwa miaka.

Mpaka hapo tulikuwa tumeeleza jiwe lilivyofika. Hatukuwa tumeeleza binti anasoma nini. Yeye hasomi safari, anasoma asili. Anataka kujua miamba ya kale iliyojaa magnesi na chuma, ile ambayo vitabu huiita mafiki na altramafiki, ilitoka wapi na kwa njia gani. Nikashika kalamu nikaanza kutafsiri: "Uyeyukaji wa sehemu wa peridotiti huzalisha myeyuko wa kibasalti na kuacha masalia..." Nilijisikiliza mwenyewe nikijua nimeshindwa. Maneno yote yalikuwa ya Kiswahili, na hayakusema kitu.

Binti akajaribu upya. "Mama, jiwe la huko chini haliyeyuki lote. Likipata joto, sehemu yake ndogo ndiyo inayoyeyuka. Ile iliyoyeyuka inatoka, inapanda, inakuwa jiwe jeusi. Ile isiyoyeyuka inabaki chini."

Dada alinyamaza kidogo. Nyuma yake palikuwa na ndoo ya masega yaliyowekwa juani mchana kutwa, kitambaa kimefungwa juu yake.

"Kama masega," akasema. "Ukiyaweka penye joto asali inatoka. Nta inabaki."

Sijui niliandike vipi lililofuata. Mpwa wangu aliweka mikono kichwani akacheka, kisha macho yakamlowa. Kwa muda wa nusu saa iliyofuata sikufungua kinywa. Mama na mwana walizungumza jiokemia.

Binti alisema: kuna vitu vinavyopenda kuondoka na asali. Lantani, rubidi, urani. Hata joto likiwa dogo na asali ikiwa tone moja, vitu hivyo huwa vya kwanza kutoka. Na kuna vinavyopenda kubaki kwenye nta. Nikeli na sehemu kubwa ya magnesi hung'ang'ania punje za olivini. Kwa hiyo ukilipima jiwe jeusi lililokwisha toka, unaweza kujua lilikamuliwa kutoka masega ya namna gani, na kwa joto kiasi gani.

Dada akasema: "Ndivyo. Nikiionja asali najua nyuki walikwenda kwenye maua gani. Ya mtundu siwezi kuichanganya na ya alizeti."

Binti akasema: tone la kwanza kabisa, lililotoka kwa joto dogo, ndilo zito kwa vitu hivyo. Ndiyo kimberliti. Ukizidisha joto na kukamua sana, kinachotoka kinafanana zaidi na masega yenyewe. Ndiyo komatiiti, jiwe lililopewa jina la mto Komati, Afrika Kusini, zaha ya zama ambazo tumbo la dunia lilikuwa na moto kuliko leo. Ilitoka kwa nyuzi joto zipatazo 1,600, wakati basalti ya siku hizi hutoka kwa 1,200 hivi.

Dada akauliza asali ya kwetu iko wapi. Binti akaonyesha kaskazini. Upande wa Nzega, na kutoka hapo hadi Geita, kuna mikanda ya mawe yaliyogeuka kijani kwa uzee; mwanzo wake mengi yalikuwa basalti iliyomwagika chini ya maji. Ndiyo mikanda yenye dhahabu. Huko Rwamagaza, upande wa Geita, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizipima basalti kwa saa ya samari na neodimi, elementi mbili ambazo moja hugeuka kuwa nyingine taratibu mno, na mwaka 2003 wakachapisha umri wake: miaka bilioni 2.8 hivi.

"Na nta?"

Nta iko chini yetu. Kwenye volkano ya Labait, ukingoni mashariki mwa mwamba huu mkuu unaoibeba Tabora, zaha ilileta juu vipande vya masega makavu. Watafiti walivipima kwa saa nyingine, ya reni na osmi. Reni huondoka na asali. Osmi hubaki na nta. Kwa hiyo tangu siku ya kukamuliwa, saa ya osmi karibu husimama, na pale iliposimama panasomeka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999: miaka bilioni 2.8. Asali na nta, zilizopimwa mahali tofauti kwa saa tofauti, zinataja zama zinazokaribiana.

Dada akaukunja uso. "Lakini mfano wako una kasoro," akamwambia binti, kana kwamba mfano haukuwa wake. "Asali inashuka. Hiyo yako inapanda."

"Kweli, mama. Magma ni nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka, ndiyo maana inapanda. Hapo mfano unakwisha. Ila nta inaelea, sivyo?"

"Inaelea. Ukichemsha mabaki kwa maji nta inakuja juu."

"Na masega ya chini yetu ni hivyo hivyo. Yamekamuliwa, yamekuwa mepesi na magumu. Hayazami. Ndiyo maana Bonde la Ufa lilipokuja kuipasua nchi halikuweza kupita katikati yetu. Lilipita mashariki, na jingine likapita magharibi, pale penye Ziwa Tanganyika."

Nikaikumbuka tena njia ya misafara. Wapagazi wale walikuwa wakivuka kutoka ufa hadi ufa, na katikati yake wakipumzika Unyanyembe, juu ya nta iliyokaa kwa miaka bilioni 2.8. Waliposhusha mizigo yao Ujiji, walikuwa wamefika pale nta inapokomea.

Usiku ule nilijaribu kufanya kazi yangu ninayoijua. Ubeti huu si mkubwa, lakini neno lake la mwisho nililipewa:

Jiwe limetoka mbali, chini kusikofikika,
Limebebwa kama mali, na moto uliowaka,
Halikubadili hali, salama likatufika,
Masega bila asali, asali ilishatoka.

Nilipomsomea dada asubuhi alisema mstari wa pili una maneno ya kujaza mizani. Ni kweli. Sijapata la kubadilisha.

Ruhusa ilitolewa siku ile ile, bila sherehe. Dada alimwambia binti yake: "Nenda. Ila ukirudi na jambo jipya, usianze kumwambia mjomba wako. Anza na mimi."

Nimelifikiria kosa langu tangu wakati huo. Nilidhani tatizo ni istilahi. Istilahi tunazihitaji: kimberliti ni kimberliti, osmi ni osmi, na sioni ubaya wowote kuyapokea maneno hayo kama tulivyopokea frasila na safari. Lakini mimi nilikuwa na istilahi zote mezani na bado nilisema uongo, kwamba jambo halielezeki. Lililokosekana si neno. Nilikosa kumwuliza aliyeuliza yeye anajua nini. Mtu aliyeshika masega miaka ishirini alikuwa nusu ya njia tayari, nami nikamwambia njia haipo.

Naomba sasa mchango wenu, watungaji na walimu. Tabaka lile la kilometa 2,900, tuliite koti kama wengine, au joho, au mnalo jina ambalo halitaulizwa swali na dada yangu? Yeye analo lake. Wiki iliyopita nilimkuta kwenye meza yake ya asali, na lile jiwe limesimama kati ya chupa kama mzani mdogo. Mteja alimwuliza binti yuko wapi siku hizi. Dada akamjibu, huku akimfungia chupa kwa gazeti: "Yuko ng'ambo, anasoma masega ya chini ya ardhi. Hili hapa ni kipande chake. Limeletwa na moto kutoka chini ya Urambo. Usiliramba, halina asali. Ilikamuliwa zamani."